Msumari wa Leseni

Nyuma ya kaunta ya duka letu kuna msumari uliopigiliwa ukutani kabla sijazaliwa. Haukuwa wa kalenda, ulikuwa wa leseni. Kila Januari Kuka, ndivyo tulivyomwita babu, aliitoa leseni ya mwaka uliopita, akaikunja mara mbili na kuitia kwenye mkebe wa biskuti, kisha akaitundika mpya. Sheria ilitaka ionekane, na yeye alihakikisha anayeingia dukani anaiona kabla hajaiona sukari.

Mwaka jana niliamua kulifungua tena duka hilo, nioke mkate na mandazi. Nilidhani kazi kubwa itakuwa kupata oveni, kumbe ni makaratasi. Jina la biashara nililisajili kwa eCitizen. PIN ya KRA nilikuwa nayo. Nikalipia kibali cha kaunti, halafu nikaambiwa mimi na msichana anayenisaidia tukapimwe hospitalini tupate cheti cha afya cha wanaoshika chakula, ambacho baada ya miezi sita lazima ukapimwe upya. Mizani nayo ikakaguliwe na kupigwa muhuri, na hiyo ni ya kila mwaka. Siku ya tatu ya kupanga foleni nilirudi nimechoka kabisa. Nikaufungua ule mkebe kuona kama kuna karatasi ya jengo itakayonisaidia, nikakaa nao hadi usiku.

Leseni ya kwanza yenye jina la Kuka ni ya 1969. Ilitolewa chini ya Sheria ya Leseni za Biashara ya 1967, na ukitaka kujua jinsi fundi cherehani wa kwenye baraza alivyogeuka kuwa mwenye duka, anza na sheria hiyo.

Kuka alikuwa ameketi kwenye baraza la Mhindi kwa miaka mingi, akikanyaga cherehani. Mteja alinunua kitambaa ndani, akapimwa nje. Ndivyo miji mingi midogo ya reli ilivyokuwa. Mwafrika kupata duka lake mwenyewe haikuwa rahisi, na si kwa sababu ya uvivu, kama walivyopenda kusema. Sheria za kikoloni ziliweka mpaka wa mkopo: deni la Mwafrika likipita kiasi fulani, halikudaiwa mahakamani ila mkataba uwe umeidhinishwa na afisa wa serikali. Sasa ni mwenye jumla gani atakupa bidhaa ukauze kwanza ulipe baadaye? Ukiuliza kwa nini serikali ya Kenyatta ilitaka kuigeuza biashara haraka hivyo, jibu liko hapo, na mimi silibezi.

Namna ilivyogeuzwa ndiyo inayonisumbua. KNTC ilianzishwa 1965, ikaanza kupitisha bidhaa kama sukari kwa wafanyabiashara Waafrika. Kisha ikaja sheria ya 1967. Iliitenga sehemu ya kati ya miji mikubwa, na asiye raia hakuruhusiwa kufanya biashara nje ya hapo, wala kuuza bidhaa zilizotajwa na waziri, bila leseni kumruhusu waziwazi. Mji wetu haukuwa mkubwa. Kwa hivyo Mhindi asiye raia alikuwa anaishi kwa hisani ya karatasi ambayo afisa angeweza kukataa kuitoa.

Raia ni nani? Uhuru ulipokuja Desemba 1963, aliyezaliwa Kenya na mzazi mmoja aliyezaliwa Kenya alikuwa raia moja kwa moja. Wengine walipewa miaka miwili kujiandikisha. Wengi walisita. Walikuwa na pasipoti za Uingereza, walikuwa na hofu, na wengine walidhani bado kuna muda. Dirisha likafungwa Desemba 1965. Miaka miwili baadaye, leseni ya duka ikawa inauliza swali ambalo mtu alidhani ni la uwanja wa ndege.

Nyumbani tuliambiwa kwamba yule Mhindi "alirudi kwao". Nilikua nikiamini hivyo. Mama ndiye aliyeniambia, nikiwa mtu mzima tayari, kwamba mzee yule alizaliwa Kisumu. Kwao kulikuwa kilomita chache tu kutoka kwenye baraza letu. Alikoelekea ni Uingereza, na hata huko mlango ulikuwa unafungwa: Februari 1968 wabunge wa London walipitisha kwa siku tatu sheria ya kuwazuia wenye pasipoti ya Uingereza ambao hawakuwa na mzazi wala babu aliyezaliwa huko. Waliowahi ndege waliingia. Wengine walibaki katikati, nchi moja ikiwanyima leseni na nyingine ikiwanyima kibali cha kuingia.

Kuka alilichukua duka pamoja na shelfu zake, kaunta na mizani. Alilipa, stakabadhi ninayo. Bei ilikuwa ya mtu anayeondoka wiki ijayo.

Kwa hivyo leseni ilitutajirisha, kama naweza kuliita tajiri duka la sukari, chumvi na mafuta ya taa. Halafu ikatugeukia.

Duka lilipofifia miaka ya tisini, mama alianza kupika chai na maharagwe kwenye lile baraza. Leseni ya Afisa wa Biashara wa Wilaya alikuwa nayo, iko msumarini. Siku moja mwaka 1998 kanjo wakaja na lori. Mama akawaonyesha karatasi.

"Hii ni ya serikali, mama," mmoja akamwambia. "Ya baraza la mji iko wapi? Na ya chakula?"

"Kijana wangu, nimelipa juzi."

"Umelipa kwingine."

Walibeba sufuria mbili, meza na vikombe vyote. Chai ilimwagwa mtaroni. Kitu kidogo kingewatosha, nadhani, lakini siku hiyo mama hakuwa na kitu, hata kidogo. Sufuria moja tuliikomboa. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na sikurudi shule hadi wiki iliyofuata kwa sababu pesa za ada ndizo zilizokomboa.

Kinachoniudhi nikisoma historia hii ni kwamba tatizo lilikuwa linajulikana. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani, ulioongozwa na Hans Singer na Richard Jolly, uliiambia serikali ya Kenya waziwazi iache kuwabomolea watu wa biashara ndogo na ipunguze leseni zisizo na maana. Ripoti hiyo ndiyo iliyotangaza duniani lile jina la sekta isiyo rasmi. Moi alifika kwa mafundi wa Kamukunji mwaka 1985 akaahidi vibanda, na neno jua kali likaingia kwenye karatasi za serikali. Lakini leseni za mama zilikuwa bado zinagongana kati ya ofisi mbili.

Mwishoni mwa miaka ya tisini mabaraza yalianza kutoa kibali kimoja badala ya vile vingi vyao. Sheria ya 1967 yenyewe ilifutwa kupitia marekebisho ya 2006, kimya kimya, na sidhani kuna mtu mjini kwetu aliyegundua. Katiba ya 2010 ikazipa kaunti kazi ya leseni. Nairobi wakaja baadaye na kibali cha pamoja, kinachounganisha vile vilivyokuwa vimezaliwa upya baada ya kile kimoja. Mimi nilicheka peke yangu.

Siwaambii watu wakwepe. Hesabu zangu naziandika kila jioni. Mauzo ya mwaka yakifika milioni moja nitaingia kwenye ile kodi ya mauzo ya asilimia tatu, inayolipwa kabla ya tarehe ishirini ya mwezi unaofuata, na ni heri nijue mapema kuliko kuambiwa na mtu mwenye lori. Muhuri wa mizani naupenda hata, maana mteja wangu ni mjane anayenunua unga wa robo kilo. Cheti cha afya pia nakielewa. Ninachofanya ni kuiuliza kila karatasi: unamlinda nani?

Chini kabisa ya mkebe, chini ya ile ya 1969, kulikuwa na leseni nyingine ya miaka mitatu nyuma. Jina si letu. Imekunjwa mara mbili, kama zote. Kuka aliihifadhi miaka arobaini na hakuwahi kutuambia.

Nimeirudisha ilipokuwa. Kibali changu kiko msumarini, na tarehe ya kupimwa tena nimeiandika kwa chaki nyuma ya mlango: Agosti tisa, mimi na msichana, twende asubuhi kabla foleni haijawa refu.