Deni, Damu na Rehema

Neno "Mkombozi" husikika katika ibada za Wakristo wa Lagangabilili, makao makuu ya Wilaya ya Itilima, nchi iliyokuwa sehemu ya Bariadi kabla ya Mkoa wa Simiyu kuundwa mwaka 2012. Asili yake ni neno la malipo: kilichowekwa rehani hukombolewa kwa fedha. Basi yatupasa kuuliza: ikiwa Mungu husamehe kwa rehema, malipo ni ya nini? Na ikiwa malipo yametolewa, rehema i wapi?

Huko pwani ukombozi ulikuwa na bei. Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, walitoa fedha kuwakomboa watumwa, wengi wao watoto. Mtoto alipata uhuru, na hiyo ni rehema. Lakini fedha zilimwendea mwuza watu, asiye na haki yoyote juu yake, na wazazi walioporwa mwana hawakulipwa kitu. Zamani Origen alifikiri vivyo hivyo juu ya msalaba, kwamba fidia alipewa Shetani. Gregory wa Nazianzus, katika karne ya 4, aliikataa fikira hiyo, kwa kuwa mnyang'anyi hastahili malipo.

Anselm, Askofu Mkuu wa Canterbury, katika kitabu alichokimaliza mwaka 1098, alisema kwamba mdai ni Mungu mwenyewe. Mwanadamu apaswa kulipa, wala hawezi. Mungu aweza, wala hadaiwi. Kwa hiyo Mungu akawa mtu. Tangu wakati wa Abelard wako walioona kwamba Mungu wa namna hii ni mdai mkali, asiyesamehe mpaka alipwe.

Desturi ya kale ya Wasukuma yatusaidia kumwelewa Anselm. Mtu alipoua, ukoo wake uliupa ukoo wa marehemu ng'ombe. Ndugu ambao mikono yao haikuwa na damu walifungua mazizi yao. Haki ilikuwa katika kukiri kwamba waliofiwa wana dai. Rehema ilikuwa katika ng'ombe wa ndugu asiye na hatia. Wala moja haikuifuta nyingine.

Lakini pana tofauti kubwa. Katika Injili, aliyekosewa mwenyewe ndiye aliyeingia katika ukoo wa mkosaji, akalipa kama ndugu. Ndiyo maana Bethlehemu hutangulia Golgotha: asiye ndugu hawezi kulipa deni la ukoo.

Hata hivyo, aliyeiba ng'ombe wa mjane asiseme, "Nimekwisha kusamehewa," hali zizi la mjane li tupu. Zakayo, wokovu ulipofika nyumbani mwake, aliahidi kurudisha mara nne. Msamaha unaompita aliyedhulumiwa wafanana na fedha zile za Bagamoyo: humweka mmoja huru, na wenye dai wakabaki mikono mitupu.