Farasi wa mbio akikosa pumzi, upasuaji si jibu la kwanza

KATIKA viwanja vya mbio za farasi, uwe Ngong jijini Nairobi au Ascot nchini Uingereza, huonekana farasi aliyekuwa akiongoza akapunguza kasi ghafla karibu na mwisho. Watazamaji humwita mvivu. Lakini huenda mnyama huyo anakosa hewa.

Tofauti na binadamu, farasi hupumua kwa pua pekee. Aendapo shoti, huvuta pumzi moja kwa kila hatua yake, hivyo kizuizi kidogo kooni humpunguzia nguvu mara moja.

Matatizo mawili hujulikana zaidi. La kwanza ni kuhama kwa kaakaa laini, ambalo kwa kawaida hukaa chini ya kifuniko cha zoloto. Likipanda juu yake, huziba njia na kutoa sauti ya kukoroma farasi anapotoa pumzi. Akimeza, mara nyingi hurudi mahali pake. La pili ni kupooza kwa zoloto, kwa kawaida upande wa kushoto, neva inayoliendesha inapodhoofika. Hapa mlio husikika anapovuta pumzi.

Ili kutofautisha, daktari wa mifugo hupitisha puani mrija mwembamba wenye kamera. Farasi akiwa ametulia, kaakaa laweza kuonekana salama. Kwa hiyo ni bora achunguzwe pia akiwa anakimbia.

Kwa farasi wa miaka 2 au 3, ambao uvimbe wa koo huwapata mara kwa mara, mapumziko, dawa za kupunguza uvimbe na mazoezi ya kujenga mwili huweza kutosha, kwani wengi hupona wanapokua. Zizi lipitishe hewa vizuri, na nyasi kavu zilowekwe maji kuondoa vumbi.

Kaakaa likihama, wakufunzi hubadilisha lijamu, hutumia mkanda wa pua unaozuia kinywa kufunguka, au huufunga ulimi kwenye taya la chini kwa kitambaa. Matokeo ya tafiti kuhusu kufunga ulimi hayakubaliani, na Ujerumani iliupiga marufuku mtindo huo katika mbio mwaka 2018 kwa ajili ya ustawi wa wanyama. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, nao walibuni kola inayoliinua zoloto na kulisogeza mbele, kazi ambayo hufanywa na misuli. Kabla ya kutumia kifaa chochote, kanuni za mbio husika zisomwe.

Hata hivyo, hakuna kola wala mkanda unaoirudishia uhai neva iliyokufa. Farasi aliyepooza zoloto kabisa huhitaji upasuaji, ama astaafishwe mbio na kupewa kazi nyepesi.

Kumpasua farasi kabla ya kujua chanzo ni kupoteza fedha, na kumchapa anayekosa pumzi ni ukatili. Uchunguzi utangulie, tiba ifuate.