Akiba Nayo Huoza

Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini beki wa akiba katika madaraja ya chini ya soka ya Uingereza, ligi iliporejea mwaka 1946 baada ya vita, angeweza kuwabishia wahenga hao.

Siku hizo hapakuwa na kubadilisha wachezaji. Beki wa timu ya kwanza akivunjika mguu mapema, wenzake walimaliza mchezo wakiwa kumi. Yule wa akiba hakuwa hata benchi. Alikuwa akicheza kwingine na timu ya pili. Ruhusa ya kumbadili aliyeumia ilikuja mwaka 1965.

Na mshahara? Mwaka 1947 kikomo kiliwekwa paundi 12 kwa wiki, kiangazi paundi 10. Wengi wa madaraja ya chini hawakukifikia. Kikomo hicho kilifutwa mwaka 1961.

Baya zaidi, mkataba ukiisha klabu iliweza kumzuia mchezaji asiende kwingine, na kama hakusaini tena, isimlipe. George Eastham wa Newcastle United aligoma mwaka 1960, akafika mahakamani. Mwaka 1963 Jaji Wilberforce aliamua kwamba utaratibu huo unambana mtu isivyo halali katika kazi yake.

Tunamkumbuka Eastham, na anastahili. Lakini yeye alikuwa nyota, na Arsenal ilimchukua hata kabla ya hukumu. Beki wa akiba hakuwa na Arsenal. Mtetezi wake alikuwa sheria tu, na ilichelewa miaka 17.