Hela ya Msimu

Katika Soko la Mkuti mjini Masasi, karatasi ngumu iliyofunikwa nailoni ndiyo kibao cha biashara siku hizi. Inaning'inia juu ya mafungu ya dagaa, imebandikwa kwenye kioo cha duka la dawa, imefungwa kwa waya mbele ya bodaboda. Imeandikwa "Lipa hapa", kisha tarakimu kubwakubwa, na pengine mraba wenye vidoa vyeusi. Mteja anabonyeza, anangoja mlio. Muuzaji naye anangoja mlio wa kwake, maana ujumbe usipoingia mzigo hautoki mezani. Kadi ya benki huonekana kwa nadra, na ikitoka mfukoni huwa inaelekea kwenye mashine ya kutolea fedha, si kwa muuza dagaa.

Kwingine duniani mambo yalipita njia tofauti. Hong Kong ilianza kugusisha kadi ya Octopus kwenye vyombo vya usafiri mwaka 1997. Mabasi ya London yakaanza kupokea kadi za benki za kugusisha Desemba 2012, na Apple Pay ilipoingia sokoni Oktoba 2014 ilijengwa juu ya kadi ambazo wateja wake walikuwa nazo tangu zamani. Kule simu ilirithi kadi. Masasi, na kule juu Newala, kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde unaotazama bonde la Ruvuma, hapakuwa na kadi ya kurithi. Palikuwa na noti, na noti zenyewe zilikuja kwa msimu.

Watu wa huku wamebadilishiwa fedha mara nyingi. Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana, alipoleta kundi la watu waliookolewa utumwani kutoka Zanzibar na kuliweka Masasi mwaka 1876, misafara ililipa njiani kwa nguo: merikani iliyopewa jina la nchi ilikotoka, na kaniki, pamoja na shanga na waya. Mwaka 1882 wapiganaji wa Kingoni walioitwa Magwangwara waliivamia Masasi na kuchukua mateka, na nguo hizohizo ndizo misheni ilizozitoa kutaka kuwakomboa watu wake. Baada ya hapo sehemu ya misheni ilipanda Newala kujisitiri kwa chifu Matola. Uwanda ulikuwa ukiuza sandarusi na mpira wa mwituni kwa wafanyabiashara wa Lindi na Mikindani. Kilichorudi kilipimwa kwa mikono na doti, hakikuhesabiwa kwa sarafu.

Sarafu iliingia kwa amri. Wajerumani walitangaza kodi ya nyumba mwaka 1897, na nyumba ya kijijini ikatakiwa kutoa rupia 3 kwa mwaka. Asiyekuwa na rupia alizitafuta kwa kufanya kazi ya mtu mwingine. Kodi hiyo ni moja ya machungu yaliyotangulia Vita vya Maji Maji, na mwaka 1905 misheni ya Masasi ikachomwa moto. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mila kutoka Leipzig, Karl Weule, alikaa Masasi na Newala akikusanya vinyago na vyombo vya nyumbani kwa ajili ya jumba la makumbusho la kwao. Wakati huo rupia ilikuwa imekwisha kugawanywa upya: tangu 1904 ilikuwa na heller 100. Utawala ule ulikwisha na sarafu zake zikatoweka, lakini heller ililainika vinywani ikawa "hela", na kila anayeuliza leo kama hela imeingia kwenye simu anaitaja ile shaba bila kujua.

Waingereza walileta shilingi ya Afrika Mashariki mwaka 1921, pamoja na senti zenye tundu katikati ambazo watu walizitunga kwenye kamba kama shanga. Vijana wa Kimakonde waliteremka kwenda kukata mkonge mashambani, wakarudi na akiba iliyofungwa kwenye pindo la nguo. Tarehe 14 Juni 1966 Benki Kuu ya Tanzania ilifungua milango, shilingi ya Tanzania ikachukua nafasi. Lakini wakati huo uwanda ulikuwa umekwisha kupata chanzo chake cha hela, nacho kiliota mchangani.

Mkorosho uliletwa pwani na Wareno, ila kuanzia miaka ya 1940 ndipo ulipogeuka zao la biashara la kusini. Unavumilia udongo wa mchanga na ukame wa Newala, ambako kwa miaka mingi hata maji ya kunywa yalifuatwa bondeni. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000. Kisha mambo yakaharibika yote kwa pamoja: Operesheni Vijiji iliwahamisha watu mbali na mikorosho yao, bei ikawa duni, na ugonjwa wa ubwiriunga ukapukutisha maua. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno ya nchi nzima hayakufika tani 20,000. Familia zilizokuwa zimeanza kuezeka bati zilirudi kwenye nyasi.

Hapa ndipo penye kiini cha habari hii. Mshahara huja kila mwezi, korosho hulipa mara moja. Kati ya Oktoba na Januari nyumba hupata fedha za mwaka mzima, na kati ya Februari na Septemba nyumba hiyohiyo huishi kwa kilichobaki. Kwa hiyo tangu zamani swali la mkulima lilikuwa moja: hela ya Novemba itafikaje Agosti? Wengine waliifukia kwenye kopo, wengine waliishona ndani ya godoro. Aliyeishiwa kabla ya mavuno aliangukia kwenye kangomba. Neno hilo kila mtu Mtwara analijua: mwenye fedha taslimu anapita vijijini wakati wa njaa, ananunua korosho kwa bakuli, nje ya mizani ya ushirika, kwa bei ya kuumiza, tena nyingine zikiwa bado mtini. Serikali imepiga marufuku biashara hiyo mara kwa mara. Haijaisha, kwa sababu noti iliyo mkononi leo ina bei yake kwa mtu ambaye mtoto wake anaumwa leo.

Sheria ya stakabadhi ghalani ilitungwa mwaka 2005, na korosho zikaanza kuuzwa kwa mfumo huo msimu wa 2007/08. Mkulima akapeleka mzigo kwenye chama cha msingi, ambacho sasa kinaitwa AMCOS, akapewa karatasi, mzigo ukaenda ghalani ukingoja mnada wa chama kikuu. Masasi iko chini ya MAMCU, Newala na Tandahimba chini ya TANECU. Fedha ziligawanywa mafungu, malipo ya kwanza na malipo ya pili, na kila fungu lilihitaji noti halisi zifikishwe kijijini zikahesabiwe mezani. Fungu la pili lilipopungua, watu walihisi wameibiwa. Aprili 2013, wilayani Liwale, hasira ya aina hiyo ilimalizikia kwenye kuchoma nyumba za viongozi.

Njia iliyochaguliwa baadaye ilikuwa kuingiza malipo moja kwa moja kwenye akaunti ya mkulima. Basi watu waliokuwa hawajawahi kukanyaga benki wakapanga foleni Masasi na Newala kufungua akaunti, wakapewa kadi. Kwa mkulima wa kijijini kadi ile ilikuwa na kazi moja tu, kufungua mlango wa noti. Duka la kijiji lenye mashine ya kupokea kadi halikuwepo. Mwenye kadi alipanda gari asubuhi, akatoa fedha zote kwa siku moja, akarudi jioni na kibunda kilekile alichokuwa akikibeba baba yake.

Mwaka 2018 ulilitia jaribio hilo kwenye moto. Minada ya Oktoba ilikwama wakulima walipokataa bei za wanunuzi. Novemba, Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi litazisomba. Uhakiki ukaanza, malipo yakaenda kwenye akaunti kwa awamu, na wapo waliosubiri miezi. Miezi hiyo ilifundisha tabia mpya: kuangalia salio bila kusafiri. Nauli ya kwenda mjini kuambiwa "bado" ni hasara, na simu ndogo ya vitufe, ile inayoitwa kiswaswadu, iliweza kutoa jibu hilohilo pale kibarazani.

Simu zenyewe zilikuwa zimeanza kubeba fedha miaka kumi kabla. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na Vodacom ikaileta Tanzania Aprili 2008. Tigo Pesa ikafuata 2010, Airtel Money nayo ikawa imeingia. Kusini ilizipokea kwa sababu ilikuwa na watoto wake mbali. Vijana wa Lindi na Mtwara ndio waliojaza barabara za Kariakoo wakiuza bidhaa mkononi, hata jina la machinga linahusishwa na Wamachinga wa Lindi. Zamani hela ya mama ilikabidhiwa kondakta wa basi ndani ya bahasha. Sasa ilifika kabla kijana hajarudisha simu mfukoni, ikiwa na adabu yake maalumu: "Nimekutumia na ya kutolea." Kumtumia mzazi hela pungufu, akatwe kwa wakala, ni kumvunjia heshima. Hakuna kampuni iliyotunga kanuni hiyo, ni ya watu wenyewe.

Kwanza mitandao haikuwa inaongea. Makubaliano ya mwaka 2014 yaliziunganisha Tigo, Airtel na Zantel, na Vodacom ikajiunga mwaka 2016, hapo fedha zikavuka kutoka laini hadi laini. Si lazima intaneti wala simu ya gharama. Bonyeza *150*00# ya M-Pesa, menyu inafunguka, kwa Kiswahili. Ripoti za FinScope zinaonyesha ukubwa wa mageuzi hayo kitaifa: mwaka 2009 ni asilimia 16 tu ya Watanzania watu wazima waliokuwa wakitumia huduma rasmi za fedha, mwaka 2023 wakawa asilimia 76. Wengi wao hawakuingia kwa mlango wa benki.

Wezi nao waliingia. "Ile hela tuma kwenye namba hii" ni ujumbe ambao karibu kila Mtanzania amewahi kuupokea, na msimu wa malipo, mtu akiwa kweli anadaiwa na fundi au muuza mifuko ya salfa, ni rahisi kuuamini.

Kilichotikisa imani zaidi kilikuja kwa sheria. Tarehe 15 Julai 2021 serikali ilianza kutoza kila muamala wa kutuma na kutoa kwa simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kulingana na kiasi, juu ya makato ya kampuni. Kilio kilikuwa kikubwa. Septemba mwaka huohuo tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30, ikapunguzwa tena 2022, na Julai 2023 ya kutuma ikafutwa. Somo lake lipo hadi leo katika mkono wa anayesita kabla ya kubonyeza. Na ipo dhuluma ambayo haijafutwa: kwa uwiano, anayekatwa zaidi ni anayetoa kidogo. Mama anayetoa elfu tano ya daftari anaacha kwa wakala sehemu kubwa ya hela yake kuliko mfanyabiashara anayetoa laki tano. Mfumo unaosifiwa kwa kuwafikia maskini hauna budi kulisahihisha hilo.

Makato hayo ndiyo yaliyoipa nguvu lipa namba, zile tarakimu za karatasi ya Mkuti. Kwa nini kutoa noti, ukatwe, kisha umpe muuza duka ambaye ataiweka tena kwenye simu? Benki Kuu ikaunganisha benki na mitandao kwa mfumo wa malipo ya papo hapo uitwao TIPS, na TANQR ikaleta mraba mmoja unaosomwa na mitandao yote. Kulipa kwa kugusisha kadi au simu ya gharama kunawezekana palipo na mashine yake, lakini mashine hiyo ni ya kununua au kuazima, nayo inataka umeme na intaneti. Karatasi ya lipa namba inataka kipande cha waya cha kuning'inizia. Ndiyo maana Mkuti malipo yasiyoshikwa mkono yameenea bila mashine ya kugusa.

Upande wa korosho nao umesogea. Tangu msimu wa 2024/25 minada inaendeshwa kwa njia ya kielektroniki kupitia soko la bidhaa TMX, na mavuno ya nchi yamepita tani 500,000, zaidi ya mara tatu ya ule msimu wa 1973/74. Na waliobaki na hela ya kopo wamepata onyo: kati ya Januari na Aprili 2025 Benki Kuu iliziondoa kwenye mzunguko noti za zamani zilizotolewa kati ya 1985 na 2003.

Noti hazijaondoka. Fungu la ming'oko, mizizi ya mwituni inayoliwa, kando ya barabara ni la sarafu. Mtandao unaposumbua, duka zima linarudi miaka 20 nyuma kwa saa moja. Na kuna shughuli ambazo simu haiingii. Korosho zikishalipwa, uwanda unacheza jando na unyago. Michango ya shughuli inakusanywa kwa simu kutoka Dar es Salaam na Mtwara, mchele na mafuta vinalipwa kwa lipa namba, mwenye spika analipwa vilevile. Halafu mwali anatolewa nje, ngoma inakolea, shangazi anasimama kumtuza. Kwa hiyo asubuhi ya siku hiyo shangazi huwa ameshapita kwa wakala na kuomba atolewe hela yake kwa noti za elfu mojamoja, apate za kumbandika mwali kwenye paji la uso mbele ya watu.