Shinyanga hadi Geita: Dhahabu yakuza miji, ngitili zarudisha misitu

KATIKATI ya miaka ya 1980, hali ya ardhi ya Shinyanga ilimsikitisha Mwalimu Julius Nyerere kiasi cha kuuita mkoa huo jangwa la Tanzania.

Jangwa hilo halikuletwa na upungufu wa mvua peke yake. Wakati wa utawala wa Waingereza mapori yalifyekwa ili kuangamiza mbung'o. Baadaye mashamba ya pamba na makundi ya ng'ombe yaliongezeka, na Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha wananchi mbali na ngitili zao.

Ngitili ni eneo la malisho ambalo Wasukuma hulifunga wakati wa masika ili nyasi na miti viote, kisha hulifungua kiangazi, mifugo inapokosa chakula.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI, ambao uliirejesha mila hiyo. Mahali pengi visiki na mizizi iliyobaki ardhini iliachwa tu ichipue. Mradi huo ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa mwaka 2002, na ulipofikia tamati mwaka 2004 zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudiwa na uoto.

Mgeni anayetaka kuziona ngitili afike karibu na Mei, mvua zinapomalizika na migunga imesitawi. Akifika Septemba, ataona wazi tofauti kati ya ngitili na ardhi isiyohifadhiwa. Ngitili ni mali ya kaya au kijiji, hivyo ni vyema kuomba ruhusa katika ofisi ya kijiji kabla ya kuingia.

Kaskazini mashariki mwa mji wa Shinyanga upo mgodi wa almasi wa Mwadui, ulioanzishwa mwaka 1940 na mtaalamu wa miamba kutoka Canada, Dk. John Williamson. Almasi ya waridi iliyopatikana hapo mwaka 1947 alizawadiwa Elizabeth, aliyekuja kuwa Malkia wa Uingereza.

Barabara iendayo magharibi humfikisha msafiri Kahama, mji uliotanuka kwa biashara na dhahabu. Mgodi wa Bulyanhulu ulianza uzalishaji mwaka 2001. Ule wa Buzwagi ulifunguliwa mwaka 2009 na kufungwa mwaka 2021, ushahidi kwamba dhahabu ina mwisho wake.

Kaskazini zaidi ni Geita, ambako mgodi mkubwa wa sasa ulianza uzalishaji mwaka 2000. Geita ilifanywa mkoa mwaka 2012, ikiwa na wakazi 1,739,530 kwa sensa ya mwaka huo. Sensa ya 2022 ilihesabu wakazi 2,977,608. Mjini lipo soko la dhahabu lililozinduliwa Machi 2019, ambako wachimbaji wadogo huuza madini yao kwa utaratibu unaosimamiwa na serikali.

Kutoka Mwanza, safari ya Geita imekuwa nyepesi tangu Juni 2025, lilipozinduliwa Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi. Daraja hilo la kilomita tatu limeondoa adha ya kusubiri kivuko.

Kivutio kikubwa cha asili katika mkoa huo ni Kisiwa cha Rubondo ndani ya Ziwa Victoria, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977. Boti huondoka Kasenda, karibu na Muganza wilayani Chato, na pia Nkome, ambako safari ni ndefu zaidi. Sehemu kubwa ya kisiwa ni msitu. Humo wamo nzohe, viboko, na sokwe ambao wazazi wao walitolewa katika bustani za wanyama za Ulaya na kuachiwa huru kati ya 1966 na 1969.

Hata hivyo, ukuaji wa miji hii una gharama. Maduara ya wachimbaji wadogo huhitaji magogo ya kuzuia kuta zisiporomoke, na majiko ya mjini huhitaji mkaa. Miti hiyo hukatwa katika mapori ya vijijini. Rubondo inalindwa na maji na askari wa wanyamapori, lakini ngitili zinalindwa na sheria ndogo za vijiji na utashi wa wenye ardhi. Shinyanga ilikwisha kuipoteza misitu yake mara moja, na kuirudisha kulichukua karibu miaka 20.