Kazi Iliyoanzia Kitandani

Jumapili iliyopita baba mdogo alinipigia simu niende kwake haraka. Kufika, nakuta kikao. Binti yake, aliyemaliza kidato cha sita na matokeo mazuri tu, ametangaza kwamba uhasibu hautaki. Anataka kusomea tiba kwa sanaa, yaani kutumia uchoraji, muziki, dansi na maigizo kusaidia wagonjwa.

"Mwanangu, wewe ndiye msomi wa ukoo," baba mdogo akaniambia. "Mweleze mdogo wako. Hiyo ni kazi au mchezo?"

Sikuwa na jibu. Nikaomba wiki moja. Mwandishi wa habari akikosa jibu anachimba, basi nikachimba.

Mwaka 1938 mchoraji Mwingereza Adrian Hill, aliyewahi kuchora picha rasmi za Vita Kuu ya Kwanza, alilazwa kwa kifua kikuu huko Midhurst, kusini mwa Uingereza. Wakati ule dawa ya kuua vijidudu vya TB haikuwepo. Tiba kuu ilikuwa hewa safi, chakula na kulala, miezi na miezi unaangalia dari. Hill akaanza kuchora vitu vilivyokuwa karibu na kitanda chake, akaona roho inatulia. Baadaye akawafundisha wagonjwa wenzake, wakiwemo askari majeruhi wa Vita ya Pili. Mwaka 1942 akalipa jambo hilo jina, tiba kwa sanaa, na mwaka 1945 akalitolea kitabu, Art Versus Illness.

Mwaka huohuo wa 1942, Marekani, mwalimu wa dansi Marian Chace alianza kucheza na wagonjwa wa akili katika hospitali ya St. Elizabeths, Washington. Aliingia kwa kujitolea tu. Hakuwaamrisha hatua. Mgonjwa akiyumba naye anayumba, akipiga mguu naye anapiga, mpaka mtu aliyejifungia ndani ya nafsi yake anagundua kwamba kuna mwenzake.

Wanamuziki nao walikuwa wakiwapigia muziki askari mahospitalini. Ikaonekana kwamba kujua piano peke yake hakutoshi, lazima umjue na mgonjwa. Chuo cha Michigan State kikaanzisha mafunzo ya shahada ya tiba kwa muziki mwaka 1944. Mwaka 1946 hospitali ya Netherne, Uingereza, ikamwajiri msanii Edward Adamson afungue karakana ya wagonjwa wa akili kuchora.

Sasa hapa ndipo penye somo kwa mdogo wangu. Watu hawa waliingia hospitali kwa mlango wa nyuma, na wapo waliowaona kama watumbuizaji wa wagonjwa. Kilichogeuza jambo lao kuwa kazi ya mshahara ni kujipanga. Waingereza waliunda chama chao cha tiba kwa uchoraji mwaka 1964. Wamarekani wa dansi wakaunda chao mwaka 1966, Chace akiwa rais wa kwanza, na wale wa uchoraji mwaka 1969. Wakaweka mitaala, mazoezi chini ya msimamizi, maadili, mitihani. Leo Uingereza ukijiita mtaalamu wa tiba kwa uchoraji, muziki au maigizo bila kusajiliwa unavunja sheria, na kwa kawaida njia ya kusajiliwa ni shahada ya uzamili. Kwa hiyo binti akitaka kwenda huko, kipaji ni tiketi ya kupandia basi tu. Safari yenyewe ni saikolojia, miaka ya shule na kukaa na watu wanaoumia.

Jumapili hii nikarudi na hayo yote. Baba mdogo akasikiliza, akatikisa kichwa. "Mambo ya Wazungu hayo."

Nikamuuliza, "Baba, na bibi je?"

Akanyamaza. Ukoo mzima unajua kwamba bibi, kule Tanga, alipungwa pepo. Ngoma zilipigwa usiku kucha, nyimbo zikaimbwa, naye akacheza mpaka alfajiri, ndugu na majirani wamemzunguka. Na katika ngoma hizo za pwani mgonjwa haponi akaondoka tu. Anakuwa mteja wa kilinge, anajifunza nyimbo na miiko yake, na wengine baada ya miaka huishia kuwa mafundi wa kuwapunga wenzao. Sisemi kwamba kilinge na hospitali ni kitu kimoja, wala kwamba ngoma inatibu kila ugonjwa. Nasema tu kwamba Hill alikuwa mgonjwa kabla ya kuwafundisha wagonjwa, na pwani yetu ilikuwa na njia hiyohiyo, yenye uanagenzi wake na malipo yake.

"Mbuzi wa ngoma ile nilimvuta mimi kwa kamba," baba mdogo akasema taratibu. "Nilikuwa mdogo."

Sikumwambia binti kwamba ajira zipo. Katika miaka yangu gazetini sijawahi kuona tangazo hata moja la kazi hiyo hapa Dar. Nilimshauri aanze na saikolojia au uuguzi, cheti kinachomlisha, huku akishika brashi yake, kisha uzamili akaufuate unakopatikana. Akarudi hapa, atakuta mlango haupo. Chace na Adamson nao hawakuukuta.

Baba mdogo hajasema ndiyo. Ila fomu za uhasibu zilizokuwa juu ya meza Jumapili ile, safari hii sikuziona. Nyie mngemshauri nini?