Karafuu zilianzia hapa: Mawe ya Kizimbani na Kidichi yanayoachwa yaanguke

Sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib, Mji Mkongwe wa Zanzibar, ilipoporomoka Desemba 25, 2020 na kuua watu wawili, nchi nzima ilihuzunika, na ilikuwa haki yake. Kilio hicho hakikufika shamba. Ukitoka Mji Mkongwe ukaelekea kaskazini, ukapita Mtoni na Bububu, kisha ukapanda Kidichi na Kizimbani, utakuta majengo mengine ya mawe yaliyosimama tangu enzi ya Sayyid Said bin Sultan. Pembe za ndovu na ushuru wa forodha vilichangia kuujenga mji ule, lakini karafuu ilitoka huku. Majengo ya huku yanakwisha bila kuliliwa na mtu.

Watu wa Kinondoni na Temeke wanaovuka kwa boti kwenda Unguja kutembea wanayajua kwa juujuu. Ziara ya viungo huwapeleka kunusa mdalasini na kupasua kungumanga, wakachungulia hamamu ya Kidichi, kisha wakarudi kula pilau. Jina la Saleh bin Haramil al-Abri ni wachache wanaolisikia.

Mwarabu huyu wa Oman, aliyefanya biashara na Wafaransa, ndiye anayetajwa kuileta miche ya mikarafuu kutoka visiwa vya Wafaransa vya Bahari ya Hindi, mwanzoni mwa karne ya 19. Aliipanda Mtoni na Kizimbani. Ilikuwa kamari kubwa, kwa sababu mkarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, na hakuna aliyejua kama udongo wa Unguja ungeukubali. Uliukubali. Saleh akawa na mali, akawa na wafuasi, na hapo ndipo matatizo yake yalipoanzia.

Mwaka 1822 Sayyid Said alikuwa ametia saini mkataba na Kapteni Moresby wa Uingereza, uliokataza kuwauzia Wakristo watumwa. Wanunuzi wakubwa wa upande huu walikuwa Wafaransa, rafiki zake Saleh. Kwa maelezo ya wanahistoria, akiwemo Profesa Abdul Sheriff, Saleh alishtakiwa kuuvunja mkataba huo na mashamba yake yakataifishwa. Mtoni ikawa ya Sayyid, Kizimbani nayo ikawa ya Sayyid.

Mimi naiona hukumu ile kuwa ya kisiasa kuliko ya huruma. Mashamba yaliyochukuliwa kwa kosa la biashara ya watumwa hayakuachiwa watumwa. Sayyid Said aliyapanua kwa nguvu za watumwa, na inasimuliwa kwamba aliamuru wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi, atakayekaidi anyang'anywe ardhi. Waliochuma, wakachambua karafuu na makonyo, wakaanika juani na kubeba magunia hadi pwani, hawakuandikwa popote. Mhasimu wa Sayyid angalau ameacha jina.

Mtoni likajengwa kasri kando ya bahari. Binti wa Sayyid, Salme, aliyezaliwa humo mwaka 1844, alisimulia katika kumbukumbu zake za mwaka 1886, akiwa Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, kuhusu ua uliojaa swala, tausi, mabata na mbuni, na nyumba yenye watu wapatao elfu moja. Yeye mwenyewe aliwahi kukaa Kizimbani kabla ya kuhamia Bububu.

Kidichi ni habari ya mke. Mnamo 1850 Sayyid alimjengea hamamu huko mkewe wa Kiajemi, mjukuu wa Fath Ali Shah, mwanamke aliyependa farasi na kuwinda. Hamamu ya Kizimbani ni kavu, haina nakshi. Ya Kidichi imechongwa maua, mitende na ndege kwenye lipu ya chokaa, na ndege hao si jambo dogo katika nyumba ya mtawala wa Kiibadhi. Sogea karibu na ukuta uone: ukungu mweusi umepanda juu ya mabawa, na penye unyevu nakshi inabanduka kipande kwa kipande.

Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikachukua uongozi wa zao hilo. Utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1897. Kasri la Mtoni liliungua mwaka 1914. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wananchi waligawiwa eka tatu tatu, na Kizimbani ikabaki mahali pa utafiti na mafunzo ya kilimo.

Majengo haya yanaponyeka. Ni mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa, na ukuta wa namna hii hupumua. Fundi akiupaka saruji, maji hufungiwa ndani, chumvi ikachanua, na lipu ya zamani ikavimba na kudondoka. Unahitaji chokaa tu, na fundi mwenye subira. Dar es Salaam tunao mfano: Boma la Kale pale bandarini, lililojengwa 1866–67 enzi ya Majid, mwana wa Sayyid Said, kwa matumbawe hayo hayo, limekarabatiwa na leo ni kituo cha urithi wa usanifu majengo.

Mji Mkongwe uliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000. Kidichi na Kizimbani ziko nje ya mpaka huo, kwa hiyo wafadhili hawazioni kirahisi. Lakini ziara za viungo zinauzwa kila siku, na wageni wanalipa. Sehemu ya fedha hiyo inunue chokaa na kuwalipa mafundi, na kazi ianzie kwenye makuba ya Kidichi kabla ya masika yajayo.